Mabati ya Maruni Baada ya Upepo

Sotik, upande wa majani chai
Jumapili mchana

Mama Akinyi wangu,

Kabla hujaketi kusoma, simama kwanza umpigie mumeo makofi. Kati ya watu wote ambao Mungu aliwaweka huku kwenye baridi, hakuna mwenye bahati kama mimi Okoth. Jumatano upepo ulipita hapa ukafunua nyumba za watu kama mpishi anavyofunua sufuria kuangalia kama mboga imeiva. Ulichukua paa la mwalimu mkuu, ukachukua la mchungaji, ukachukua hata la mwenye duka la vifaa vya kujengea, mtu ambaye kitanda chake kimezungukwa na misumari. Na letu? Halikupoteza hata msumari mmoja. Nyumba imekaa pale kilimani na mabati yake ya maruni, ile nyekundu iliyoiva uliyoichagua wewe mwenyewe ukasema ni rangi ya watu wenye mpango, imetulia kama bibi harusi anayengoja kupigwa picha.

Nimeitanguliza hiyo habari ili usisome barua yote ukiwa umeshika kifua. Sasa ndio nakusalimu. Goti la mama linasemaje? Akinyi ameacha kile kikohozi? Na Odhiambo bado anakataa viatu? Mwambie baridi ya huku haichezi na vidole vya watoto wa ziwani. Mimi mwili uko sawa. Nakula vizuri, ugali upo, maziwa yapo mpaka nasikia nikilia kama ndama, lakini samaki huku ni mgeni wa heshima, anakuja mara moja moja na watu wanasimama kumwangalia.

Najua umeshafunga cherehani kwa magunia. Najua umeaga kikundi cha akina mama, na umeshawaambia watu wote wa Usenge mpaka bata kwamba shule zikifunguliwa mnahamia kwa nyumba yenu, nyumba ambayo mumeo fundi amejenga kwa mikono yake. Nalijua hilo, hata huhitaji kunikumbusha. Nimekuwa nikilifikiria sana.

Utauliza kwa nini barua na si simu. Stima ilianguka na nguzo zake, mtandao ukapotea, halafu simu yangu ikanywa maji mfukoni ikanenepa ikafa. Ouma yule wa samaki omena yuko hapa sokoni Sotik na lori lake, anarudi kwenu jioni hii, na ameniapia barua itafika kabla haijaanza kunuka. Na tena barua ni nzuri. Kwenye simu huwa unanikata katikati, ati "Baba Akinyi, hebu sema ukweli," wakati hata sijafika hapo kwa ukweli. Hapa nasema mimi peke yangu. Wewe wa Butula na mimi wa Usenge, hiki Kiswahili ndicho kilichotuoza, basi kivumilie hata mahali nimekosea kuandika. Darasa la saba ndipo shule iliponiacha. Watu husema niliiacha mimi, lakini si hivyo.

Sasa wacha nikuambie upepo.

Jua lilikuwa limechoma wiki nyingi. Majani chai yalikuwa yamekunja mikono, wachunaji wakirudi na vikapu nusu. Jumatano mchana nilikuwa kwa kituo cha kupimia majani, natengeneza benchi lililovunjika, na akina mama wamejaa hapo wakingoja lori la kiwanda. Mawingu yakatokea upande wa ziwa, meusi kama sufuria ya matanga. Mimi na mdomo wangu nikawaambia, "Mnaona? Hata mvua yenu inatoka kwetu!" Mama Akinyi, hayo maneno nimekumbushwa kila siku tangu hapo. Mtu akikosa mlango ananiuliza kama kwetu wameuona.

Kwanza ilikuwa mawe ya barafu, moja hapa, moja pale, kama mtu anarushia bati kokoto kuita mpenzi. Halafu yakamwagika yote. Akina mama wakavaa vikapu vichwani. Mmoja akanipigia kelele katikati ya ule mshindo, "Fundi, hii kituo ni wewe ulijenga?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Akasema, "Basi wacha nisimame nje!" Watu walicheka huku wanaogopa. Lakini kituo kilisimama. Mwambie kaka yangu hilo.

Halafu upepo wenyewe ukaja. Sikuwahi kuusikia wa namna hiyo, na mimi nimefanya kazi Mombasa, nimefanya kazi Nakuru, nimefika mpaka Kampala. Ulikuwa kama lori linapanda mlima bila gia, linakuja tu. Ile mikaratusi mirefu iliyopandwa mstari kando ya barabara ililala yote upande mmoja, kama wanafunzi wa bweni wameambiwa walale wakatii. Ng'ambo ya bonde niliona mabati yanaruka. Hayakuwa na haraka. Yalijipindua juu huko, yakimeta, yakipotea kwenye mvua, yakirudi tena. Mtu ukiwa mjinga ungesema ni mazuri.

Haukukaa muda. Ulipokwisha kukawa kimya, na harufu ya mikaratusi iliyovunjika ikajaa kila mahali, ile harufu ya dawa unayompaka Akinyi kifuani. Majani chai yamebaki vijiti. Shamba lote lilinukia kama mtu amemwaga birika.

Kesho yake naibu wa chifu akaita watu kituoni. Naibu wetu ni mwanamke, Madam Chelangat, bado kijana, anavaa buti za mvua na hacheki ovyo. Alipanda juu ya gogo la mkaratusi akasema, "Tutaenda nyumba kwa nyumba tuone upepo umefanya nini. Nataka fundi wa kutembea na mimi, aniambie nyumba gani watu wanaweza kulala na gani itawaangukia. Lakini sitaki fundi ambaye nyumba yake iko chini. Atawaambia watu nini? Nani hapa ni fundi na nyumba yake imesimama?"

Mafundi wote wakaangalia viatu vyao. Ungedhani viatu vimeanza kuongea.

Hapo Mzee arap Koros akakohoa. Huyu ni mzee wa kijiji, mtu wa kofia na fimbo, na paa lake nililipiga mimi mwaka jana. Lilikuwa limeondoka lote. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu Okoth hapa si anasemanga yeye ndiye fundi wa mafundi? Muulizeni yake iko wapi."

Unanijua, Mama Akinyi. Mkono uliinuka wenyewe. "Yangu imesimama," nikasema, "haijapoteza hata msumari!" Watu wakapiga makofi, mwingine akapiga mluzi. Madam Chelangat akasema, "Basi ni wewe." Hivyo ndivyo mumeo alivyokuwa fundi wa serikali. Na kwa sababu mikaratusi ya shamba kubwa imeziba ile njia ya kupanda kwetu, hakuna mtu ambaye ameweza kufika huko kuishangaa nyumba. Hasara ni yao.

Tangu hapo tumekuwa tukitembea sisi watatu, Madam, Mzee Koros na mimi na ngazi begani. Nimepanda mapaa mpaka magoti yanaongea kama ya mama. Nagonga mbao na nyundo, nasikiliza, nasema, hapa laleni, hapa msilale, hapa hata kuku msimweke. Watu wanangoja nitoe neno kama daktari. Ningekuwa nimevaa koti jeupe ningeombwa dawa.

Nilimfundisha Madam jinsi ya kusoma. Nilimwambia, ukitaka kujua upepo ulifanya nini, acha kuangalia bati, angalia tundu la msumari. Tundu likiwa limechanika, ujue msumari ulishika mpaka mwisho na bati ndilo lilishindwa. Hapo fundi hana neno. Lakini tundu likiwa zima, duara safi, na msumari bado unaning'inia kwa bati, umenyooka kama siku ulipotoka dukani, basi ni mbao iliyouachilia. Mbao mbichi. Huku watu wanakata mkaratusi leo, wanaupasua kesho, keshokutwa uko juu ya ukuta. Ule mti ukianza kukauka unajinyonga, unafungua msumari mmoja baada ya mwingine polepole, na wewe uko chini yake unakoroma. Kila fundi hapa anajua mbao ya mkaratusi inawekwa kivulini mpaka mahindi yapandwe na yavunwe. Mimi mwenyewe nimewafokea wengi juu ya hilo. Nimemfokea fundi mmoja mbele ya mke wake.

Kwa Mzee Koros tulimkuta mkewe anapika chai sebuleni, juu kumebaki mawingu tu. "Karibuni," akasema, "mlango uko hapo, lakini mkitaka kuingilia juu pia ni sawa."

"Paa limeenda wapi?" Madam akauliza.

"Limeenda Mulot kununua mbuzi," Koros akasema, akanigeukia. "Si fundi alisema hili halitoki hata likiitwa kwa jina?"

Nilipanda nikaonyesha matundu. Yote yamechanika. Mbao kavu, misumari yangu imeshika meno. Nikamwambia ni ile baraza yake ndefu, aliyoitaka ndefu ili akae nje na kuona nani anapita. Upepo uliingia chini ya baraza ukainua nyumba kwa kidevu. Madam akatikisa kichwa, ndiyo. Koros akatazama matundu, akanitazama mimi, akasema, "Basi umepona leo." Nilisikia vizuri mpaka masikioni.

Halafu kuna kituo. Watu wa hapa upepo ukipita wana utaratibu wao: kila bati linalookotwa linapelekwa mahali pamoja, na mwenyewe anakuja kulitambua. Na wanatambua! Mtu anajua kutu ya bati lake kama mama anavyojua alama ya mtoto. Nilisikia wawili wakigombana juu ya bati moja lililokunjika kama sambusa. "Hii ni yangu, iko na lami ya mwaka ule nilizibia." "Lami yako? Hii ni mavi ya kuku yangu, ninajua kuku yangu!" Madam aliamua ligawanywe, wote wakakataa, mwishowe wakaliachia choo cha kanisa.

Jana tulifika kwa Kogo Tabutany. Kogo ni nyanya kwa lugha ya hapa, na huyu ni nyanya wa kila mtu. Anakaa peke yake chini bondeni na ng'ombe mmoja na kipande cha majani chai. Tunapendana. Yeye hunicheka nikisema "samba" badala ya shamba, nami humcheka akisema "papati" badala ya mabati, kwa hivyo tuko sare. Jiko lake, kile kijumba cha udongo anachowekea vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya mgando ya mkaa, lilikuwa na paa kuukuu ambalo hata mwangaza ulikuwa unavuja. Tulijua litakuwa limekwenda. Tulitegemea kumkuta analia.

Tukiwa bado kwa mteremko, Madam akasimama. "Fundi, ile inang'aa ni nini?"

Ilikuwa jiko la Kogo. Juu yake kulikuwa na mabati ya maruni, mapya, yamelazwa ovyo na kushikiliwa na mawe, gogo na jembe moja. Na Kogo mwenyewe yuko mlangoni, amevaa nguo ya kanisani na si Jumapili.

"Karibuni!" akaita. "Njooni muone papati Mungu amenitumia!"

"Kogo, umeyatoa wapi?"

"Sikuyatoa. Yalikuja. Nilikuwa chini ya kitanda, nikasikia kitu kinatua kwa majani chai, pa, pa, kama mtu anapanga sahani. Kutoka nje nikayapata yamelala hapo, hata hayajakunjika. Kila siku naomba jiko lisilonyeshea maziwa. Sasa nikatae?"

Madam alikuna shingo. Ni mtu mzuri, lakini kazi ni kazi. "Kogo, utaratibu unaujua. Kila bati lililookotwa linaenda kituoni. Mwenyewe atakuja ayatambue."

Kogo hakubishana. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akasema, "Ni sawa. Ngojeni basi nitoe vibuyu kwanza, mvua isivipate." Na akaanza kuvitoa, kimoja kimoja, akivipangusa kwa nguo ile ile ya kanisani.

Hapo Madam akachukua ngazi yangu akapanda mwenyewe. Nilimfundisha, sasa amejua. Akainua bati moja, akatazama, akaniita. "Fundi, njoo uone. Tundu zima. Msumari umenyooka kabisa. Si ulisema hii ni mbao mbichi?"

"Ni mbao mbichi," nikasema.

"Huyu fundi alikuwa na haraka gani?"

"Labda alikuwa anangojewa."

"Anangojewa!" Alikasirika kweli, Mama Akinyi, sijawahi kumwona hivyo. "Na kama kungekuwa na watoto ndani? Huyo hafai kushika nyundo. Nikimjua nitamsimamisha mbele ya watu."

Nilijifanya nashikilia ngazi.

Mzee Koros alikuwa nyuma, ameegemea fimbo. Akasema polepole, "Okoth, si nyumba yako ni ya maruni? Ulituimbia hiyo rangi mpaka tukachoka."

"Yangu iko juu ya nyumba yangu," nikasema. "Haijapewa ruhusa ya kusafiri."

Wakacheka. Koros naye alicheka, lakini aliniangalia kidogo zaidi ya vile mtu huangalia mzaha.

"Kwa hivyo hakuna anayeyajua?" Madam akauliza. Kogo alikuwa ameshika kibuyu kwapani, ananiangalia mimi, sijui kwa nini mimi. Nikasema, "Madam, mabati ya maruni hapa hayana mwenyewe. Mwacheni nyanya. Mimi nitampigia vizuri bila malipo." Madam akafikiri, akasema basi yakae hapo, mwenyewe akijitokeza tutaona.

Nilifanya hiyo kazi mchana kutwa, na sijawahi kufanya kazi kama hiyo. Nilibomoa kibanda cha zamani cha ng'ombe wake, mbao zake kavu kama mfupa, nikapanga kila ubao, nikaufunga ukutani kwa ukanda wa chuma, na kila msumari nikaupiga nikiusikiliza. Lile jiko sasa, upepo ukilitaka itabidi ubebe na bonde. Kogo alinipa mursik mpaka nikakabwa. Nilipomaliza akanisimamisha, akanitemea mate kidogo kifuani, ndiyo baraka ya wazee wa huku, akasema, "Nyumba yako isimame, mtoto wangu. Watoto wako walale."

Nikamwambia asante, Kogo. Kongoi, kwa lugha yao. Nikachukua ngazi nikaenda haraka, nikasahau nyundo, ikabidi nirudi.

Tangu jana siwezi kukaa. Nikiketi nasimama. Leo kanisani nilitoka nje mara mbili kama mtu mwenye tumbo. Nimepita kituoni, nimepita sokoni, nimezunguka lori la Ouma mpaka ananiuliza kama nataka kulinunua. Nalala kule kituoni juu ya magunia, ati kwa sababu ya wingi wa kazi. Nimetembea mpaka ile mikaratusi iliyoziba njia yetu, nikasimama, nikarudi. Kwa nini nipande? Nyumba najua iko.

Na kesho ndiyo shida. Madam ametangaza kanisani kwamba vijana wataikata ile miti asubuhi, na ukaguzi utamalizikia kwangu. Anataka mafundi wote waje waone paa lililosimama limefungwa vipi, wajifunze. Watu wakageuka kuniangalia, wengine wakitabasamu. Nikasimama nikasema karibuni wote, nitachinja kuku. Kuku mwenyewe sina. Tukitoka, Mzee Koros akanishika kiwiko akaniambia, "Mimi niko na turubai kubwa. Ukilihitaji, usiulize, chukua." Nikamwuliza turubai la nini na mimi nina paa. Akasema, "Nilisema tu," akaenda zake.

Ouma amepiga honi. Anasema samaki hawangoji lakini yeye amengoja, niandike haraka.

Nisalimie mama sana, mwambie ninakula. Nisalimie kaka yangu Odongo, fundi wa baiskeli, hapana, usimwambie lile la kituo kusimama, mwambie tu nimemsalimu. Mama mkwe huko Butula, mpelekee heshima zangu zote. Mama Rasoa jirani, anayetulishia mbuzi. Mwalimu wa kwaya, aliyekuomba ubaki uimbe. Akinyi na Odhiambo, waambie baba yao

Nimeacha hapo kalamu kidogo. Ouma ananiita majina.

Mama Akinyi, lile swali la Madam. Na kama kungekuwa na watoto ndani? Naliandika ili nilitoe kichwani na halitoki. Uliponiambia kwenye simu kwamba wamechoka kuuliza baba yuko wapi, nilikata mkaratusi pale mtoni Jumatatu, na Jumamosi ulikuwa juu ya ukuta. Nilijua. Mimi ndiye ninayefokea wengine. Nilitaka tu shule zikifunguliwa muwe hapa.

Siku ile ile ya upepo nilipanda kilimani kabla ya giza, nikitambaa chini ya ile miti iliyoanguka, kabla sijainua mkono mbele ya watu. Kuta zipo. Juu hakuna kitu, hata ubao. Kwa kile chumba cha watoto, ubao mrefu wa juu ya ukuta umelala mahali nilipokuwa nimepima kitanda. Yale mabati kwa Kogo ni yetu, na sitamnyang'anya, usiniambie nimnyang'anye. Kesho asubuhi nitampelekea Madam haya maneno mwenyewe, kabla hawajaikata ile miti, na anisimamishe anaponisimamisha. Lakini sikutaka ayasikie kabla yako. Usifungue cherehani, usiifunge tena. Kuja au kungoja utaamua wewe, mimi mdomo wangu umekwisha kazi. Watoto usiwalete kulala chini ya kitu nilichojenga mpaka uje kwanza wewe, upande ngazi, uangalie matundu.

Ni mimi mumeo, Okoth. Nyumba yetu haina paa. Nilikudanganya.